Umeme Upo, Njia Ndiyo Nyembamba

Maswali yenu kuhusu umeme na nishati, na majibu ya mama mstaafu wa chumba cha kuongozea gridi

Barua nyingi za safari hii zinataja mabwawa makubwa, mitambo mipya na mahitaji ya umeme yanayopanda dunia nzima, na karibu kila mwandishi anamalizia kwa kuuliza mbona yeye mwenyewe hapati umeme wa kumtosha. Nimechagua barua tano. Za mita na madeni nimeziweka kando, nitazijibu toleo lijalo.

SWALI: Shikamoo mama. Nina mashine mbili, ya kukoboa na ya kusaga, huku Moshi Vijijini. Bwawa la Julius Nyerere lilipokamilika tulishangilia, tukaambiwa sasa umeme ni mwingi kuliko tunavyoweza kuutumia. Mbona ikifika saa moja jioni umeme wangu unakuwa mdogo mpaka mota inanguruma tu haizunguki? Moja imeshaungua. Tena nasikia tunataka kununua umeme wa Ethiopia. Kama wetu upo, huo wa nini? (Mwenye mashine, Moshi)

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa mota. Kabla ya habari za mabwawa tuiokoe hiyo iliyobaki. Mota ikipewa volti pungufu haipunguzi kazi. Inavuta mkondo mkubwa zaidi ili ibebe mzigo uleule, koili zinachemka, vanishi inaungua, na kesho yake unampelekea fundi aisuke upya. Mwambie fundi wako akufungie kifaa kinachokata umeme chenyewe volti zikishuka au fezi moja ikipotea. Gharama yake haifiki hata karibu na ya kusuka mota. Na ukisikia inanguruma bila kuzunguka, zima palepale.

Sasa swali lenyewe. Mlichoambiwa ni kweli. Bwawa lile lina mitambo tisa, kila mmoja megawati 235, jumla 2,115. Wa kwanza uliwashwa Februari 2024, na kufikia Aprili 2025 yote tisa ilikuwa tayari. Ongeza gesi ya Songo Songo na ya Mtwara, ongeza Kidatu, Kihansi, Mtera na mingineyo, nchi ina zaidi ya megawati 4,000 za mitambo, na mahitaji ya juu kabisa mwaka huo wa 2025 yalikuwa karibu nusu yake. Sisi tuliokuwa kazini wakati wa mgao wa 2006 na wa 2011, tukipanga nani akae gizani mchana na nani usiku, tunajua hiyo ni neema ya kiasi gani.

Lakini megawati iliyoko Rufiji, liliko bwawa hilo, haijawa megawati ya Moshi. Tazama mitambo iliyo karibu yenu: Nyumba ya Mungu megawati 8, Hale 21, Pangani mpya 68. Yote ikizunguka kwa nguvu zake zote haifiki 100. Kinachobaki lazima kisafiri. Umeme wa Rufiji unapita kwenye njia ya kilovolti 400 hadi Chalinze, kilomita 160 hivi, na mpaka hapo safari ni nzuri. Kutoka Chalinze kuja kwenu kupitia Hale na Same, njia mliyoitegemea miaka yote ni ya kilovolti 132. Hapo ndipo penye tabu. Waya una ukinzani, na upotevu hauendi sawasawa na mzigo: mkondo ukiongezeka mara mbili, kinachopotea njiani kwa joto kinaongezeka mara nne. Ndiyo maana kwenye njia ndefu tunapandisha kilovolti, ili nguvu ileile isafiri kwa mkondo mdogo. Njia ya kilovolti chache ikibebeshwa mzigo wa jioni, wakati Arusha, Moshi na vijiji vyote vya mlimani vimewasha taa, pasi, televisheni na hita za maji kwa pamoja, volti zinashuka kadiri unavyoelekea mwisho wa njia. Na wewe mwanangu uko mwisho wa njia.

Zamu ya jioni ndiyo ilikuwa mtihani wetu, kuanzia saa moja mpaka saa nne usiku. Mshale wa volti za kituo cha Kiyungi, hapo kwenu, ulikuwa ukishuka taratibu huku tunauona. Unampigia simu mwenzako wa Hale aongeze nguvu ya kuinua volti. Akikujibu kwamba maji ni machache, linabaki jambo moja tu: kuchagua laini ya kuzima ili nyingine zipone. Niliyazima maeneo ya watu niliowafahamu, na si kazi mtu anayoizoea.

Kwa hiyo Ethiopia si kioja. Rais Samia alipoueleza mpango huo Machi 2025, akiwa hukohuko Kilimanjaro, sababu aliyoitoa ni upotevu wa njiani. Ethiopia imeungwa na Kenya kwa njia ya mkondo mnyoofu (unaokwenda upande mmoja tu, kama wa betri) ya kilomita 1,045 kutoka Wolayta Sodo hadi Suswa, inayofanya kazi tangu 2022. Kutoka Isinya, Kenya, iko njia ya kilovolti 400 inayopita Arusha na Babati hadi Singida, kilomita 510 hivi, iliyowashwa Desemba 2024. Umeme hauulizi umbali kwanza, unauliza ubora wa barabara. Uliotoka mbali kwa njia pana unaweza kukufikia ukiwa mzima kuliko wa nyumbani uliopita njia nyembamba. Na njia hiyo haina upande mmoja tu: maji ya Rufiji yakiwa mengi, sisi nasi tunauza.

Wala si shida ya Kilimanjaro peke yake. Kule Turkana, Wakenya walisimamisha mitambo 365 ya upepo, megawati 310, kwenye mojawapo ya sehemu zenye upepo mzuri kuliko zote duniani. Mitambo ilikuwa imesimama tayari mwaka 2017. Njia ya kuuleta umeme huo Suswa, zaidi ya kilomita 400, ilikamilika 2018. Upepo ulivuma mwaka mzima na zaidi bila kuwasha taa hata moja. Shirika la Kimataifa la Nishati lilihesabu mwaka 2023 kwamba miradi ya jua, upepo na kadhalika iliyokuwa kwenye foleni ya kuunganishwa gridi duniani ilikuwa na jumla ya gigawati 3,000, na gigawati moja ni megawati 1,000. Hiyo ni zaidi ya Bwawa la Nyerere mara 1,400. Shirika hilohilo linasema ili dunia itimize malengo yake, kufikia 2040 zinatakiwa kujengwa au kufanywa upya kilomita milioni 80 za njia, sawa na kuanza gridi yote ya dunia upya. Watu wanapenda kukata utepe kwenye bwawa. Sijaona umati ukikusanyika kushangilia nguzo.

La mwisho kwako: huenda na transfoma ya kijiji chenu imezidiwa, hasa kama kuna mashine mpya zimefungwa karibu. Andika barua, usiishie kupiga simu, uombe waje kupima volti saa moja na nusu jioni. Wakija saa nne asubuhi watakuta volti 230 na watakuambia mota yako ndiyo mbovu.

SWALI: Habari mama. Mimi ni Mkenya, nafanya ulinzi kwenye kituo cha data nje ya Dublin, Ireland. Jumba halina hata dirisha, na mashine za kupoza hewa hazizimwi mchana wala usiku. Wenzangu wanasema akili mnemba itamaliza umeme wa dunia. Nami kila nikipiga simu nyumbani Kakamega naambiwa stima imepotea, mvua imenyesha. Inaniuma. Je, ni kweli huku ndiko tunakowamaliza? (Mlinzi wa usiku, Dublin)

JIBU: Salama mwanangu. Uko kwenye nchi ambayo swali lako si la kinadharia. Mwaka 2015 vituo vya data vilitumia asilimia 5 ya umeme wote wa Ireland. Mwaka 2023 vilifika asilimia 21, vikazipita nyumba zote za mijini kwa pamoja, zilizotumia asilimia 18. Nchi nyingine yoyote ingetikisika.

Kwa dunia nzima, mwaka 2024 vituo hivyo vilitumia yuniti bilioni 415 hivi, asilimia moja na nusu ya umeme wote. Matarajio ni kwamba kufikia 2030 vitakuwa vimekaribia bilioni 945. Tanzania nzima, viwanda, hospitali na nyumba zote, haifikishi yuniti bilioni 20 kwa mwaka. Ukisoma tarakimu hizo unaona kwa nini kampuni zinatafuta umeme popote. Septemba 2024 ilitangazwa kwamba mtambo wa nyuklia wa megawati 835 pale Three Mile Island, Marekani, uliokuwa umefungwa 2019, utafufuliwa ili kuilisha kampuni ya Microsoft.

Hata hivyo usiubebe mzigo wote. Vituo vya data ni takriban sehemu moja ya kumi ya ongezeko la mahitaji linalotarajiwa hadi 2030. Kinachobaki ni viwanda, magari ya umeme, na joto. Mtu akipata fedha kidogo kwenye nchi ya joto, kitu anachokitamani ni kiyoyozi, na nani atamlaumu? India ilifika megawati 250,000 tarehe 30 Mei 2024, siku ya joto kali, na familia nyingi kule bado hazijanunua kiyoyozi cha kwanza.

Kinachoniuma mimi ni foleni. Vifaa vya umeme vina foleni yake, na mwenye fedha anapita mbele. Transfoma kubwa ya gridi ukiiagiza leo unaweza kuisubiri hadi miaka minne. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipokata gesi ya Urusi, Ulaya ilinunua meli za gesi kwa bei yoyote iliyotajwa. Julai mwaka huo Pakistan ikatangaza zabuni ya shehena za karibu dola bilioni moja, na hakujitokeza hata muuzaji mmoja. Gesi ilikuwapo baharini, ikienda kwingine, na watu wa Lahore na Karachi wakakaa gizani saa kadhaa kwa siku. Hicho ndicho ninachokiogopa zaidi: mahitaji ya dunia yakipanda ghafla, mwenye kipato kidogo haambiwi hapana, anaachwa tu bila kujibiwa.

Stima ya Kakamega ikipotea kila mvua ikinyesha, hilo halina uhusiano na kituo chako cha data. Hapo mara nyingi ni matawi ya miti juu ya waya, nguzo zilizooza, na laini moja ndefu isiyo na njia ya pili. Watu wako wa nyumbani na majirani zao wakiandika majina ya sehemu ambazo miti imegusa waya, na kuipeleka orodha hiyo kwa wahusika kabla ya masika, wanasaidia kuliko malalamiko ya giza likishaingia.

SWALI: Shikamoo bibi. Niko kidato cha tatu hapa Songea. Mwalimu wa fizikia alituambia jua linaloipiga dunia kwa saa chache tu ni nishati nyingi kuliko tunayotumia mwaka mzima. Kwa nini basi dunia inaendelea kuchoma makaa ya mawe? Kwa nini tusijaze sola kila mahali tumalize? (Mwanafunzi, Songea)

JIBU: Marahaba mjukuu wangu. Mwalimu wako yuko sahihi, na sola zenyewe zinajazwa kweli. Bei yake ilishuka kwa karibu asilimia 90 ndani ya miaka kumi kuanzia 2010. Wale Wapakistani niliowataja hapo juu, baada ya kukosa gesi, waliagiza sola za gigawati 17 kwa mwaka mmoja tu wa 2024, wengi wao wakiwa watu wa kawaida wenye mapaa yao na wakulima wenye pampu zao. Na katika nusu ya kwanza ya 2025, kwa mara ya kwanza, umeme wa jua, upepo, maji na jamii yake ulizidi ule wa makaa ya mawe duniani.

Tatizo ni saa. Jua linatoa zaidi saa sita mchana. Watu wanataka zaidi saa mbili usiku. Na umeme kwenye gridi hauna pa kukaa: kinachozalishwa sekunde hii lazima kitumike sekunde hii, la sivyo mitambo inakwenda kasi kupita kiasi au inapungua kasi, na gridi yote inaweza kuanguka. Makaa ya mawe yanapendwa kwa sababu yanakubali kukaa yadini yakisubiri jioni.

Betri zinasaidia na bei yake inashuka, lakini nataka ufikirie kitu tulichonacho tayari. Bwawa la Mtera linaendeshwa kati ya mita 690 na mita 698.5 kutoka usawa wa bahari. Mita hizo nane na nusu ndizo akiba. Namba ya kwanza kuandikwa kwenye daftari la zamu ya asubuhi ilikuwa kina cha Mtera, na mkuu wetu alikuwa akiiangalia hiyo kabla ya salamu. Maji yakitoka pale yanazungusha mitambo ya Mtera, megawati 80, kisha yanateremka na mto Ruaha Mkuu hadi Kidatu, yanazungusha nyingine za megawati 204. Maji yaleyale, kazi mara mbili. Sasa weka sola za kutosha Dodoma, Singida na Shinyanga, ambako jua halina mchezo. Mchana sola zinabeba nchi, Mtera inafunga milango. Jioni sola zinalala, Mtera inafungua. Maji ambayo hukuyatumia mchana ndiyo betri yako, na bwawa lilishajengwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Kuna na shida ya upande wa pili. Kule Olkaria, Kenya, mvuke wa ardhini unatoka usiku na mchana. Saa tisa usiku watu wamelala, sehemu ya mvuke huo inaachiwa hewani bila kuzungusha kitu. Nishati imekuja, saa yake haikuwa na mteja. Ukiwa mhandisi siku moja, kazi yako kubwa itakuwa hiyo ya kukutanisha saa ya nishati na saa ya mtu.

Wala usiyategemee maji peke yake. Zambia iliegemea Bwawa la Kariba, ukame wa 2024 ukayapunguza sana maji yake hadi kukawa na mitaa inayopata umeme saa chache tu kwa siku. Ninyi Songea mliunganishwa na gridi mwaka 2018, kabla ya hapo mlikuwa mkinunua dizeli ya jenereta. Waulize wakubwa kuhusu miaka hiyo, andika majibu yao, itakuwa kazi nzuri ya fizikia na ya historia.

SWALI: Jambo mama. Mimi ni mwalimu hapa Kolwezi, Kongo. Tunakaa juu ya shaba na kobalti ambayo dunia inaitaka kwa betri za magari. Mto wetu Kongo una maporomoko ya Inga ambayo tunaambiwa yanaweza kuwasha Afrika nusu. Shuleni kwangu tunafundisha masomo ya jioni kwa tochi za simu. Nieleze kwa ukweli, bila siasa: kitu gani kimetushinda? (Mwalimu, Kolwezi)

JIBU: Jambo sana mwalimu. Barua yako nimeisoma na kuirudia, na nitakujibu kwa kadiri ninavyojua.

Inga ya kwanza ilianza 1972, megawati 351. Ya pili 1982, megawati 1,424. Eneo lote, likijengwa mpaka mwisho, linakadiriwa kutoa megawati 40,000 hivi, karibu Bwawa la Nyerere mara 19. Hakuna pengine duniani penye maji mengi hivyo, yanayoteremka ghafla hivyo, bila kukauka kiangazi, kwa sababu mto wenu unachota mvua pande zote mbili za ikweta.

Wewe uko Kolwezi, kwa hiyo unaijua njia iliyotoka Inga. Kilomita 1,700, ya mkondo mnyoofu, ilikamilika 1982, na wakati huo haikuwapo njia ndefu kuliko hiyo duniani. Ilijengwa kwa ajili ya migodi ya Shaba, kama mkoa wenu ulivyoitwa wakati huo. Na hapa nataka wasomaji wote waelewe jambo la kiufundi ambalo lina watu ndani yake. Njia ya mkondo mnyoofu haichomolewi umeme njiani kirahisi. Lazima ujenge kituo kikubwa cha kuubadilisha, na vituo hivyo vilikuwa viwili tu, kimoja Inga na kimoja Kolwezi. Kwa hiyo waya ulipita juu ya vijiji kilomita kwa kilomita, na mtu aliyezaliwa chini yake ameweza kuzeeka chini yake akiwasha kibatari. Hakuna fundi aliyekosea. Mchoro ulisema mteja ni mgodi, na mafundi waliujenga kama ulivyochorwa.

Kilichowashinda, nionavyo mimi, ni hicho hasa: kila mara Inga inapofufuliwa, mteja wa kwanza anakuwa mtu wa mbali. Mwaka 2013 ulisainiwa mkataba wa kuiuzia Afrika Kusini megawati 2,500 za Inga 3 kabla haijachimbwa hata shimo. Kampuni kubwa ya madini ya BHP ilikuwa imeshajitoa mwaka uliotangulia. Benki ya Dunia ilisimamisha fedha zake 2016. Juni 2025 imerudi, ikaidhinisha dola milioni 250 za kuanzia, kati ya mpango wa dola bilioni moja. Nimefurahi, lakini nitafurahi zaidi nikiona kwenye michoro vituo vya kupozea umeme vya miji ya njiani.

Jambo la pili ni riba. Jua la Afrika ni zuri na mito ipo, ila anayejenga mtambo kwetu anakopa kwa gharama mara mbili au tatu ya anayejenga mtambo uleule Ulaya. Mtambo wa maji au wa jua fedha zake karibu zote zinatoka siku ya kwanza, baada ya hapo maji na jua havina bili. Kwa hiyo riba ndiyo bei ya umeme. Watu karibu milioni 600 wa Afrika hawana umeme, nasi tunapata asilimia 2 au 3 tu ya fedha zinazowekezwa duniani kwenye nishati safi. Januari 2025 marais walikutana Dar es Salaam kwa mpango wa kuwaunganishia umeme watu milioni 300 kufikia 2030. Ukitaka kujua kama mpango huo utafika kwenu, usitazame idadi ya megawati. Tazama riba, na tazama nani ameandikwa kuwa mteja.

Usisubiri Inga, mwalimu. Karibu na Goma, mto Rutshuru una mtambo wa Matebe, megawati 13 tu, tangu 2015, na umewasha nyumba, vinu na taa za barabarani. Kwa shule yako, sola chache, betri moja nzuri na taa za LED kwa madarasa ya jioni ni mradi wa kamati ya wazazi. Kampuni za migodi zinazowazunguka zina fungu la jamii, na sheria ya madini ya Kongo ya 2018 inazidai zichangie maendeleo ya watu wa pale. Nendeni kwao na orodha kamili: idadi ya taa, wati za kila moja, saa za masomo, ukubwa wa betri. Mtu aliyeshika karatasi yenye wati juu yake si rahisi kumrudisha getini.

SWALI: Assalaam alaykum bibi. Nauza chakula hapa Tanga, karibu na stendi. Mkaa umepanda na moshi unaniua kifua. Mwanangu ananiambia ninunue jiko la presha la umeme. Mimi naogopa luku italiwa yote. Nishauri. (Mama lishe, Tanga)

JIBU: Waalaykum salaam. Nisikilize kwa makini, maana hapa ninazo hesabu.

Maharage ni chakula kinachokula mkaa kuliko vyote, kwa sababu yanakaa motoni muda mrefu. Kwenye jiko la presha la umeme, kilo moja ya maharage inatumia kama nusu yuniti, kwa kuwa sufuria imefungwa, imefunikwa kuzuia joto, na ikishapanda presha inajizima na kujiwasha yenyewe. Kwa mteja wa kawaida shilingi 1,000 zinapata yuniti 2.8 hivi. Kwa hiyo hayo maharage ni chini ya shilingi 200. Wewe unajua bei ya kopo la mkaa hapo stendi, piga hesabu mwenyewe. Makande, nyama ngumu, utumbo, vyote peleka humo. Ugali wa watu wengi na chapati, tumia gesi, usilazimishe umeme. Na mtungi wa gesi uwe nao siku zote, maana umeme ukikatika saa sita mchana wateja hawatakuelewa.

Kifua chako ni sehemu ya habari kubwa. Watu zaidi ya bilioni 2 duniani bado wanapika kwa kuni, mkaa na vinyesi vya mifugo, wengi wao wanawake. Na kupata kilo moja ya mkaa kwenye tanuru la udongo zinateketea kilo sita hata kumi za kuni. Nchi yetu imejiwekea lengo la asilimia 80 ya watu kutumia nishati safi ya kupikia kufikia 2034. Wakubwa wanaogopa kwamba wapishi wote wakihamia umeme gridi italemewa, na italemewa kweli tukiwasha wote saa moja jioni. Wewe unachemsha maharage saa tatu asubuhi, wakati mitambo ina nafasi. Ungekuwa mteja wangu wa kwanza kumpenda nikiwa zamu.

Kabla hujanunua, mwite fundi aangalie waya za kibanda. Jiko moja ni wati 1,000, linavuta ampea nne na kidogo. Majiko mawili, friji na birika kwenye ekstensheni moja nyembamba itayeyuka, na kibanda ni cha mbao. Waambie wakufungie soketi ya ukutani yenye waya wa milimita 2.5, yenye breka yake peke yake, na waya wa ardhi uwepo kweli, usiwe wa kuonyesha tu. Jiko la lita sita linakutosha kuanzia. Chagua ambalo mpira wa mfuniko unapatikana madukani hapo Tanga, kwa sababu huo ndio unaochoka kwanza.